Serikali itie pesa zaidi angani au la? Mimi nasema itie, na sababu yangu ni Ngomeni

MwanaWaNahodha (Kisauni)

Assalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa nyote. Kila likitajwa humu suala la serikali kutia pesa za umma kwenye mambo ya anga za juu, jibu huwa ni lile lile: watu wana njaa, nyinyi mwataka roketi. Leo nataka kulijibu kwa kirefu, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya upili, lakini nimelelewa kwa pesa za samaki. Mzee wangu ni nahodha na bado anaenda baharini. Nilipokuwa mdogo alinifundisha jinsi ya kuurudia mwamba uliokupa samaki jana. Ukiwa majini unatazama nchi kavu, unauoanisha mnara wa msikiti na mnazi mrefu ulio nyuma yake mpaka viwe mstari mmoja. Kisha unageuka upande wa pili, unaoanisha pembe ya jumba na mbuyu. Mistari miwili inapokutana ndipo unapotia nanga. Mbuyu ukikatwa, mwamba umekupotea. Usiku walikwenda kwa nyota, na kalenda yao ilikuwa Kilimia, lile kundi la nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Siku hizi mzee ana kidude cha GPS cha mtumba. Skrini imekwaruzika, vitufe viwili vimefutika alama, na anakifungia ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa, amekaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Humo amehifadhi nukta arobaini na kitu, na kila moja ameipa jina lake: Kwa Bibi, Nguru Wawili, Mwamba wa Hamisi. Hizo nukta zinategemea setilaiti zinazozunguka kilomita elfu 20 juu yetu. Ya kwanza ilirushwa 1978 kwa kodi ya Wamarekani, na mpaka Mei 2000 serikali yao ilikuwa inaichafua makusudi ile ishara ya raia, ikukosee kwa makumi ya mita. Mwamba wa Hamisi una upana wa vyumba viwili. Ukikosea mita hamsini unavua mchanga.

Sasa njooni Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Nilipata onyo kwenye simu, nikampigia mzee, akaniambia bahari ni shwari, mwanangu, naiona kwa macho yangu. Na kweli ilikuwa shwari. Lakini akanisikiliza, wakazivuta mashua juu na kuzifunga kwenye minazi. Kimbunga kiliendea Mafia, sisi hapa tukapata upepo na mawimbi tu. Swali langu: nani alikiona kikiwa bado mbali baharini? Kule kilikozaliwa hakuna mnara wala mtu wa kusimama akatazama. Walioona ni setilaiti zilizosimama juu ya Bahari Hindi, kilomita 36,000 kwenda juu, za Ulaya na za India. Yetu hapo hakuna.

Sisi watu wa Mombasa tunaijua vizuri hali hii. Wangapi humu wanaishi kwenye nyumba bila ardhi? Nyumba umeijenga wewe, mabati umenunua wewe, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi unampelekea ijara. Siku akiamua vingine, unabomoa ukuta wako kwa mikono yako. Ndivyo tulivyo angani. Simu zetu, ramani zetu, utabiri wa mvua, yote tumeyajenga juu ya kiwanja cha wengine.

Na lililonisukuma hasa kuandika ni Ngomeni, hapo kaskazini ya Malindi. Vijana wengi niliowauliza hawajui kuwa Kenya iliwahi kuwa na mahali pa kurushia setilaiti. Wataliano waliweka majukwaa mawili baharini, San Marco na Santa Rita, na kuanzia 1967 mpaka 1988 setilaiti tisa zikaruka kutoka maji yetu. Mahali penyewe ni pa dhahabu: uko karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,600 na zaidi kwa saa, na roketi inaipata kasi hiyo bure. Mashariki ni bahari tupu, kikianguka kitu hakimwangukii mtu.

Wakati huo huo India nayo ilianzia kwenye kijiji cha wavuvi, Thumba, kule Kerala. Wanakijiji wakatoa kanisa lao likawa ofisi, na vipande vya roketi vikabebwa kwa baiskeli. Roketi yao ya kwanza, Novemba 1963, ilikuwa ya Kimarekani na wala haikufika kwenye mzingo wa kuizunguka dunia. India ilikuja kurusha setilaiti yake kwa roketi yake kutoka ardhi yake mwaka 1980. Yaani miaka 13 baada ya Ngomeni! Lakini Agosti 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na sisi mwaka huo huo tulikuwa tunashangilia Taifa-1, setilaiti yetu, kisanduku kilichopakiwa kama abiria kwenye roketi ya kampuni ya Marekani.

Wavuvi kule, wavuvi hapa. Tofauti ni kuwa kule Thumba pesa ilikuwa ya Wahindi wenyewe, kidogo kidogo, kila mwaka, hata miaka ya njaa. Ngomeni pesa ilikuwa ya watu, na walipoacha kurusha, maarifa yakabaki kwao. Ndiyo maana nasema serikali itie pesa. Karibuni tujadiliane.

Mama_Likoni

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho na umeandika vizuri. Sasa na mimi nisikilize.

Mama yangu ana maradhi ya figo. Jumanne na Ijumaa tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri ili tuwahi feri kabla haijajaa, maana kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye umati. Tukivuka tunatafuta tuktuk ambayo dereva wake atakubali kukikunja kiti. Tukifika tunakaa foleni ya mashine ya kusafisha damu. Pale tunapokwenda mashine mbili zimebandikwa karatasi iliyoandikwa MBOVU kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo karatasi imekaa mpaka imekuwa ya manjano na pembe zake zimejikunja. Mama yangu anaitazama kila wiki. Kuna siku aliniambia, "hiyo karatasi itaniona nikiondoka." Wewe ungemjibu nini?

Nikirudi nyumbani bomba halina maji, nangoja mkokoteni wa mitungi. Sisemi haya kutaka huruma ya mtu. Nasema kwa sababu pesa ya serikali ni moja. Ikienda huku haiendi kule.

Na kuna jambo sikulipenda katika maelezo yako. Uzi wako unasema anga za juu, lakini mifano yako yote ni ya hapa hapa duniani: samaki, kimbunga, ramani. Hayo sikatai. Nani atakataa kuambiwa kimbunga kinakuja? Ninachokataa ni mwezi na Mirihi. Ukitaka kunishawishi, nitetee hayo. Usinifichie Mirihi nyuma ya mashua ya baba yako.

Mhasibu_Tudor

Shikamoo Mama Likoni, na pole sana kwa kuuguza. Mwenyezi Mungu ampe mzazi wetu nafuu.

Naomba nilete hesabu kidogo. Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iligharimu kama shilingi milioni 50. Bajeti yetu ya taifa inazidi trilioni 3 na nusu. Gawanyeni wenyewe: katika kila shilingi elfu moja ya bajeti, ile setilaiti haifiki senti moja na nusu. Hata Marekani ambayo ndiyo inaongoza, shirika lake la anga linapata kama dola bilioni 25 kwa mwaka, na hiyo haifiki nusu senti katika kila dola ya serikali yao kuu. Walipokuwa wanajiandaa kwenda mwezini, mwaka 1966, ilipita senti 4. Kwa hivyo kusema kuwa roketi ndizo zimekula dawa za hospitali si kweli kihesabu. Kwetu hapa dawa zimeliwa na riba ya madeni na watu wenye majina na magari.

Hata hivyo mimi simuungi mkono mwalimu. Hoja yangu ni nyingine kabisa. Picha za setilaiti zinatolewa bure! Wamarekani wanatoa za Landsat bure tangu 2008, Ulaya wanatoa za Sentinel bure. Mwanafunzi wa chuo hapa Tudor anafungua kompyuta akapata picha ya mikoko ya Gazi na Mtwapa bila kulipa hata ndururu. Sasa kwa nini nijenge kisima wakati jirani ana bomba wazi? Pesa hiyo somesheni watu wa kuzisoma hizo picha. Tuna uhaba wa wasomaji kuliko uhaba wa picha.

Ngomeni_Kwetu

Mimi ni wa Ngomeni, nafanya kazi hapa Mombasa. Nimefurahi kuona jina la kwetu limeandikwa na mtu ambaye si wa kwetu.

Babu yangu alifanya kazi kwenye mashua za kupeleka watu jukwaani. Hakwenda shule hata siku moja. Lakini mpaka anafariki alikuwa anajua kuhesabu Kitaliano, na alijua kwa kurudi nyuma tu: dieci, nove, otto, sette… mpaka uno. Ukimwambia aanze na moja kwenda mbele anachanganyikiwa. Alijifunza kwa kusikia kwenye spika siku za kurusha. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheza kwa hesabu hiyo, tunaruka kutoka kwenye ukuta akifika uno.

Siku hizo wavuvi walikuwa wanazuiwa kupita upande ule. Wanakaa ufuoni na wake zao na watoto kutazama. Alisema kwanza unaona moto, halafu kitambo ndipo unasikia, na kuku wote wanakimbilia chini ya vitanda.

Miguu ya chuma ya yale majukwaa bado iko baharini, imeota kutu. Kituo cha nchi kavu bado kipo na Wataliano ndio wanaokiendesha, wanapokea ishara za setilaiti. Kijijini kwetu maji ni ya chumvi na kazi ni za mashamba ya chumvi. Katika kizazi cha babu yangu, na cha baba yangu, sikumsikia mtoto wa Ngomeni aliyepelekwa kusomea hizo roketi. Walipata kazi za kupika, kulinda, kubeba na kuendesha mashua. Kwa hivyo mwalimu akisema tuliachwa na maarifa hatuna, mimi nimekaa na mtu aliyeachiwa namba kumi.

FundiAntena

Mhasibu kaka yangu, hoja ya bomba la jirani nataka kuigusa kwa sababu hii kazi naifahamu kidogo.

Bomba la jirani linatoa maji anapotaka yeye. Ulaya walikuwa na setilaiti mbili za rada, Sentinel-1A na 1B. Rada ndiyo inayoona kupitia mawingu. Kamera ya kawaida wakati wa masika hapa Pwani inapiga picha ya pamba nyeupe tu, na masika ndiyo wakati unaotaka kuona mafuriko yamefika wapi. Desemba 2021 ile 1B ikaharibika umeme. Ikabaki moja mpaka mwisho wa 2024 walipopeleka nyingine. Katika kipindi hicho ratiba ya picha ilipunguzwa. Nani alikaa kuamua ni wapi papunguzwe? Wenye setilaiti. Hatukuwa kwenye meza, na siwalaumu, pesa ni ya kwao na wananchi wao ndio wa kwanza.

Lakini nakubaliana nawe kwa wasomaji. Hapo hapo ndipo natofautiana nawe pia: mtu hawi msomaji hodari wa picha kama hajawahi kugusa kinachopiga picha. Mimi nilijifunza madishi kwa kuyafungua. Vijana waliotengeneza Taifa-1 walishirikiana na kampuni ya Bulgaria, wakakosea, wakarekebisha, wakaijaribu kwenye joto na mtikisiko. Hicho kisanduku ni kidogo, urefu wa sentimita 30 hivi, kama mkate mrefu wa kukata. Kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kingine kidogo zaidi, kilichoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu Mei 2018. Cha tatu kitakuwa bora kuliko cha pili. Ukisubiri mpaka hospitali zote ziwe nzuri ndipo uanze cha kwanza, huanzi.

Wa_Makueni

Jamani mimi nakaa Changamwe lakini kwetu ni Makueni. Mnakumbuka tarehe 30 Desemba 2024? Pete ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, kilo kama 500, upana wa mita 2 na nusu. Ilitoka angani ikiwa nyekundu. Nashukuru haikuangukia nyumba ya mtu.

Shirika letu la anga la Kenya lilikwenda, likaichukua, likasema ni kipande cha roketi. Tangu hapo kila nikipigiwa simu na mama yangu ananiuliza, "walishajua ni ya nani?"

Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha chombo ndiyo inayolipa fidia kikidondoka na kuharibu mali ya watu, hata kama haikukusudia. Kanada waliutumia, setilaiti ya Kisovieti ilipowaangukia 1978 ikiwa na mtambo wa nyuklia ndani, wakalipwa dola zao milioni 3. Lakini ili udai lazima uthibitishe ni ya nani, na ili uthibitishe lazima uwe na watu na mitambo ya kufuatilia vitu vinavyozunguka juu. Hata kama hatutaki kwenda huko juu, vya huko vinatujia. Mimi pesa ya kufuatilia naiunga mkono leo hii.

Mama_Likoni

Wa Makueni, hilo lako nimelielewa na nalikubali. La fundi nalo nimelielewa nusu.

Bado nangoja mwalimu. Mirihi.

MwanaWaNahodha (Kisauni)

Mama Likoni, samahani nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani. Kwanza mama, ile karatasi ya manjano sijaacha kuifikiria tangu juzi. Umeniuliza ningemjibu nini mzazi wetu. Sina jibu la kumpa mgonjwa, na sitajifanya ninalo. Mashine iliyobandikwa MBOVU mpaka karatasi igeuke rangi ni aibu, na ninaamini fundi wa kuitengeneza yupo hapa hapa mjini, pengine hajaitwa au hajalipwa.

Na ni kweli, nilikwepa. Uliniona. Nilijua mashua inakubalika kirahisi kuliko Mirihi, nikaishika mashua. Sasa naliendea lenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka Ngomeni. Ilikuwa ya Wamarekani, juu ya roketi yao, mikononi mwa Wataliano. Kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya uhuru, na kwa heshima ya wenyeji, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Haikubeba kamera ya mafuriko wala simu. Kazi yake ilikuwa moja, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, kwa hivyo ukiwa chini hutaziona milele. Haina faida ya samaki wala ya ugali. Kwa maneno yako mama, hiyo ilikuwa Mirihi tupu.

Ikaona vyanzo 339 ambavyo vingi hakuna mwanadamu aliyevijua. Kimojawapo kilikuwa kinapepesa kwa kasi ya ajabu, na kwa kukifuatilia ndipo wanasayansi walipopata ushahidi wa kwanza mzito kwamba mashimo meusi, yenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli, yale mambo yaliyokuwa kwenye karatasi za hesabu tu. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Nami mwalimu wa hesabu wa Kisauni nimemaliza chuo bila kuambiwa na mtu kwamba setilaiti hiyo ilirushwa kilomita mia na kitu kutoka kwetu, ikiwa na jina la lugha yangu. Nililijua nikiwa na miaka 31. Nililia, sioni haya kulisema.

Unajua baadaye nini kilitokea? Ile kampuni ya Marekani ambako Giacconi na wenzake waliitengeneza Uhuru iliendelea na ujuzi ule ule wa kunasa eksirei hafifu, ikawa inatengeneza mashine za kukagulia mizigo kwenye viwanja vya ndege na bandari. Leo kontena likipita kwenye skana pale Kilindini, mashine iwe ya kampuni yoyote, ujuzi wa namna hiyo unanunuliwa kwa fedha za kigeni. Hakuna mtu 1970 aliyeahidi skana. Walikuwa wanatazama nyota. Ndiyo tabia ya elimu hii, huwezi kuiagiza faida yake mapema kama unavyoagiza mahamri. Aliyeigharimia ndiye anayekuwepo pale inapozaa.

Na sisemi Kenya ijenge roketi ya kwenda Mirihi mwakani. India walikwenda Mirihi kwa dola milioni 74 hivi, nasi hatuna hata hizo. Ninachotaka ni fungu dogo lisilokatwa. Liwe dogo, lakini liwepo kila mwaka, miaka ishirini, bila kukatwa kila waziri anapobadilika. Thumba ilianza hivyo.

Ustadh_wa_MjiWaKale

Bismillah. Nimekaa pembeni nasoma, naomba niingie kidogo.

Watu wetu hawakuwa wageni wa mbingu. Majina tunayo: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Bamvua na maji mafu tunavijua kwa mwezi, funga na idi kwa mwezi, kusi na kaskazi kwa nyota. Nahodha aliyekwenda Muscat na kurudi hakuwa na haja ya mtu wa kumhimiza atazame juu.

Swali la nani alipe nalo ni la zamani. Nasir al-Din al-Tusi alipoanzisha ile nyumba kubwa ya kutazamia nyota kule Maragha mwaka 1259, matumizi yake yalitoka kwenye mali ya wakfu. Na wakfu huo huo, katika miji ya Waislamu ya zama zile, ndio uliolisha hospitali, ambamo maskini alitibiwa bure na kupewa chakula. Vyote viwili vilitoka mfuko wa namna moja. Kilichovilinda ni kwamba mali ya wakfu ilikuwa na masharti yaliyoandikwa, na msimamizi aliyeweza kushtakiwa kwa kadhi. Mama Likoni na mwalimu, mnavyogombana naona mwenye kosa hayumo humu ndani.

Mhasibu_Tudor

Ustadh umenigusa. Nimerudi nyuma kwa fundi pia, ile habari ya rada sikuijua. Bado nashikilia kuwa wasomaji waje kwanza, lakini naona sasa sharti langu si kukataa fungu. Ni fungu liandikwe wazi: kiasi gani, kwa nani, na picha zitakazopigwa zifike kwa nani na lini. Kama picha ya bahari yetu haimfikii mvuvi wa Shimoni kwenye simu yake, kwa lugha yake, kabla hajasukuma chombo, basi hiyo setilaiti ni pambo.

Kila mwaka bajeti inapoandaliwa wananchi wanaruhusiwa kupeleka maoni kwa maandishi. Watu wa kwetu hatuendi, tunangoja ipite ndipo tulalamike. Mwalimu, kwa nini tusiandike?

Ngomeni_Kwetu

Muandikapo, tieni nafasi za masomo kwa watoto wa Ngomeni na Gongoni. Wa kwanza wawe hao. Si za ulinzi na upishi. Nitawapa majina ya shule za msingi zilizo karibu na kituo, ziko mwendo wa miguu.

MwanaWaNahodha (Kisauni)

Tuandike. Jana usiku nilikuwa ufuoni na mzee, bamvua, maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Taa ndogo ikapita juu, taratibu, haimemetuki, ikatoka kusini ikaenda kaskazini. Mzee akaifuata kwa kidole mpaka ikapotea kivulini. Nikamwambia ni setilaiti. Akaniuliza ya kina nani, nikamwambia sijui. Akanyamaza, akarudi kwenye nyavu zake.

Mama Likoni, sina haki ya kukuomba utie jina lako. Lakini nakuomba. Ukitaka sehemu ya Mirihi tuitoe, niambie.

Mama_Likoni

Kesho ni Ijumaa, natoka saa kumi, kwa hivyo naandika kifupi.

Mirihi iacheni, sijaikubali lakini iacheni. Ile Uhuru ya Jamhuri nilimsomea mama yangu kwenye foleni Jumanne. Mwaka huo alikuwa msichana, Malindi, kwa shangazi yake. Anasema anakumbuka walitolewa nje kutazama moto baharini na hakuna aliyewaambia ni nini.

Andikeni kwamba mashine za hospitali zitengenezwe na zikaguliwe kila mwezi na matokeo yabandikwe ukutani, karatasi mpya. Hiyo iwe sentensi ya kwanza, juu kabisa, kabla ya anga. Ya anga ifuate. Mkiipanga hivyo, tieni jina langu na la mama yangu.

Mhasibu_Tudor

Nimeipanga hivyo. Rasimu nitaileta humu Jumamosi baada ya Isha, kila mtu aipitie.